Kikombe cha Kutemea

Ninyi wa baa mliniomba niwaandikie namna ya kuonja wiski, mkadhani nitawapa ukurasa mmoja wa kubandika karibu na friji. Ukurasa mmoja hautoshi. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika hoteli ile ya kando ya ziwa, na ulimi wangu haujazoea kufupishwa. Muulizeni jirani yangu yeyote.

Jambo la kwanza mnalijua, na wageni wengi wamelicheka: miaka yote hiyo sikumeza. Burboni, wiski za Waskoti, konyaki, chochote kilichoshuka bandarini kutoka Kigoma au kupanda lori kutoka Lubumbashi, nilikionja na kukitema. Wengine walisema ni kwa sababu ya kanisa, maana naimba kwaya. Kama kwaya yetu ingekataza pombe, tungebaki na sauti za juu pekee, besi wote wangekuwa nje. Sababu yangu ni nyingine, na sikuwahi kuwaambia.

Mama yangu alikuwa anapika lutuku. Atakayesoma haya mbali na kwetu ajue kwamba lutuku ni pombe kali ya mahindi na muhogo. Inachemshwa ndani ya pipa, mvuke unapita kwenye mrija wa shaba uliolazwa katika maji baridi, unatoka tone kwa tone. Baba alikuwa mtu wa reli, na reli ilipolala, lutuku ya Mama ndiyo iliyotulipia minerval, ada ya shule. Kinachotoka kwanza kwenye mrija tunakiita kichwa. Kichwa kina sumu, hakinywewi, kinamwagwa, kila mpishi anajua hivyo.

Na kwetu kuna desturi ambayo ninyi nyote mmeikuta: anayepika kinywaji, au anayekileta, ndiye anakunywa kwanza mbele ya watu, ili wajue hakuna sumu. Nyumbani kwetu Baba ndiye aliyekunywa kwanza, kwa kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu. Jumamosi moja alikunywa, wateja wakachelewa, akanywa tena. Kesho yake macho yakaenda kwanza. Aliniuliza mbona taa haijawashwa, na ilikuwa saa tano ya mchana. Siku ya tatu akafa. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Mama alimwaga mitungi yote, akapasua pipa kwa shoka. Pale kaburini alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma. "Asita," aliniambia, maana Astrida hakuwahi kulitamka zima, "apa mbele ya baba yako. Hata tone moja lisipite kwa koo yako." Niliapa. Kikombe kikabaki kwenye rafu, hakuna aliyethubutu kukitumia wala kukitupa.

Sasa mtauliza mtoto wa namna hiyo alitafuta nini kwenye baa. Alitafuta chakula. Hoteli ilihitaji mtu wa kuosha glasi, nami nilikuwa na mikono miwili. Siku ya kwanza nilipokewa na Papa Fidele, mkuu wa baa, mtu mrefu aliyewahi kuhudumu kwenye behewa la chakula la treni, zamani treni ilipokuwa na behewa la chakula. Alinipa vitambaa vya kukaushia glasi nikavifue nyumbani. Kesho yake nilikausha glasi kumi na mbili, nikazipanga mbele yake zinang'aa. Alinusa moja baada ya nyingine, akanirudishia kumi na moja.

"Mutoto," alisema, "ulianika vitambaa wapi?"

Nilikuwa nimevianika kwenye kamba moja na nyavu, juu ya ndagala wa jirani waliokuwa wanakauka mchangani. Ndagala ni samaki wadogo, lakini harufu yao si ndogo. "Mzungu ataomba wiski," Papa Fidele akasema, "atapata supu."

Niliona haya, na mimi nikiona haya nakuwa mkali. Nikamjibu kwamba ile ya kumi na mbili aliyoiacha inanuka mafuta ya nywele, na mafuta yenyewe ni yake. Aliinusa tena. Akavua kofia, akanusa kofia. Kisha akacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia. "Pua hii haiwezi kubaki kwa sabuni," alisema, na tangu wiki ile akaanza kunifundisha.

Haya ndiyo aliyonifundisha, na hapa mchukue kalamu. Glasi isinuke kitu, hata sabuni. Usipake manukato siku ya kuonja, usile kitunguu, usitafune tangawizi. Mimina kiasi cha kufunika kitako cha glasi. Usiizungushe kama unatafuta kitu kilichozama. Leta pua taratibu, midomo wazi kidogo. Ukifunga mdomo, ukali utakupiga na hutanusa kitu hadi kesho. Mara ya kwanza utapata pombe tu. Ondoa pua, subiri, rudi. Burboni ni wiski ya mahindi, iliyolala ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani, kwa hiyo mahindi matamu na mbao iliyoungua ndivyo vya kutafuta kwanza. Vanila itakuja, na sukari iliyoungua, na mara nyingine kitu kama ganda la chungwa. Ukivilazimisha havitakuja.

Kisha chukua kidogo mdomoni, kitembeze, kitafune kama bukari, ugali wetu. Tema. Kinachobaki mdomoni baada ya kutema ndicho kinywaji chenyewe, mengine yote ni maneno ya muuzaji. Ongeza matone mawili ya maji: burboni nzuri itafunguka, mbaya itaanguka. Mwisho, mimina kidogo kwenye kiganja, sugua mikono, acha pombe iruke, nusa. Ya kweli inaacha mbao na mkate. Ya uongo inaacha harufu ya jikoni. Andika palepale kwenye kaye, daftari lako, usingoje jioni, jioni utaandika ulichotamani. Kaye zangu saba ziko kabatini. Mtakuta chupa moja nimeiandikia: "Mlango mzuri, nyumba hamna." Ilikuwa chupa ghali kuliko zote mwaka ule.

Kosa langu kubwa nililifanya mapema. Alikuja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Pepa na rafiki zake watatu, wameuza vizuri, wakaagiza burboni chupa nzima. Papa Fidele akanituma nifungue. Yule wa Pepa akasema, kwa heshima kabisa, "Anza weye, Mama." Nilionja, na kwa mazoea nikageuka, nikatema kwenye chungu cha maua.

Wote wanne wakasimama. "Ametema! Mumeona? Anajua iko na sumu, ametema!"

Baa ilikuwa tupu kabla ua halijanywa ile wiski. Papa Fidele hakunigombeza. Alitoka, akajimiminia glasi mbele yao huko nje, akainywa yote, akaketi. "Kama miye nakufa," aliwaambia, "ninyi njo mutanizika. Mukae." Wakakaa nusu saa nzima wakimtazama macho. Mimi nilimtazama kuwapita. Nilisimama nyuma ya mlango nikimwomba Mungu amwachie mtu huyu macho yake, ingawa nilijua chupa ni safi, nilikuwa nimeionja mwenyewe.

Baadaye nilimweleza habari za Baba na kiapo. Alisikiliza akipanga glasi. Akasema tu: "Basi weye utakuwa pua, miye nitakuwa koo. Lakini tafuta kikombe chako cha kutemea. Muntu atemee kwa heshima." Nilikwenda nyumbani nikakitoa kikombe cha Baba kwenye rafu. Kilichomwingia Baba kwa kikombe hicho, mimi nitakitoa kwa kikombe hicho hicho, ndivyo nilivyojiambia, na nilimaanisha. Mama aliona, wiki nzima hakukigusa. Kisha jioni moja nikakuta amekisugua kwa majivu kinang'aa. Tangu hapo, kila nilipoingia uani alikuwa na swali moja kabla ya salamu.

"Umemeza?"

"Nimetema, Mama."

Tulisema hivyo wakati wa vita, tulisema hivyo ziwa lilipopanda likaingia hadi kwenye ngazi za hoteli. Hata nilipokuwa na wajukuu.

Sasa kokteli, maana najua ndizo mnazozipenda, zina rangi na zinapigwa picha. Watu hudhani kokteli ni mahali pa kuficha pombe mbaya. Mimi nawaambia kokteli ni hakimu. Tengenezeni kwanza ile ya kizamani: sukari kidogo, matone ya bitters, ile dawa chungu ya mizizi, burboni, barafu moja kubwa, ganda la chungwa lililokamuliwa juu. Hapo mnauliza kama wiski ina mwili. Kisha ile ya limau, sukari na ute wa yai, inayotikiswa mpaka povu lisimame. Hapo mnauliza kama wiski inaweza kupigana. Limau inakula kila kitu kisicho na mzizi. Acheni glasi zote mbili mezani mpaka barafu iyeyuke, mwonje tena. Burboni ya kweli utaikuta bado imekaa chini, mahindi na mbao. Na barafu mtengeneze wenyewe. Ile ya bandarini imelala na samaki.

Yangu mwenyewe, ile mnayoiita ya Mama Astrida, ni burboni, limau, tangawizi mbichi na asali ya milima ya Marungu, ile nyeusi inayoshuka kutoka Kirungu. Nimeitengeneza miaka mingi bila kujua inavyopita kooni. Wateja walinieleza.

Papa Fidele alistaafu, na baadaye tukamzika, na katika siku zile nililia kazini mbele ya wageni bila aibu. Nikabaki pua bila koo. Nilichofanya ni kuwaambia wateja wazi kabla ya kufungua chupa: mimi simezi, nimeapa, lakini nitawaambia kila kilichomo, na nikinyamaza msinywe. Miezi ya kwanza walininung'unikia. Baadaye walianza kunitumia chupa zao hata za nyumbani nizinuse.

Halafu ikaja harusi ya binti wa patron. Patron, mwenye hoteli, Papa Mukalay, mnamjua: mtu mwema, lakini akiharakishwa masikio yanaziba. Mkwe wake alikuwa na rafiki wengi wa kazi ya madini huko Manono, watu wa burboni, na sisi tulikuwa tumebaki na nusu chupa. Alhamisi mchana mfanyabiashara mmoja, nitamwita Papa Valeri, akaleta makatoni matatu. Vizibo vizima, lebo nzuri, karatasi zote. Patron akaniita mbele ya watu wote wa baa. "Mama Astrida, onja haraka tumalize."

Sionji haraka. Nilimimina, nikanusa. Vanila ilikuja mara moja, mbio mbio, ile ya unga wa keki. Nikasubiri mbao, hazikuja. Nikasugua kiganja: muhogo uliolowekwa. Na chini ya muhogo kulikuwa na kitu kikali, chembamba, ambacho sikuwa nimekinusa tangu nina miaka kumi na minne. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kama mtoto. Niliweka glasi chini bila kuigusisha midomo.

"Patron, hii ni lutuku iliyopakwa rangi. Na kichwa hakikumwagwa."

Papa Valeri akacheka. Patron akajifuta jasho. "Haiwezi kuingia kwa kokteli?" aliuliza. "Limau itafunika."

Nikatengeneza glasi mbili za limau, moja kwa nusu chupa yetu, nyingine kwa chupa ya Papa Valeri. Nikamwambia patron anuse tu, asinywe. Tulingoja barafu. Ya kwetu ilikuwa bado burboni. Ya pili ilibaki limau, na nyuma ya limau moto tu. Patron alinusa hii, akanusa ile, akaanza kuelewa. Hapo Papa Valeri akaacha kucheka.

"Patron, huyu mama hamezi," alisema. "Mji muzima unajua. Muntu asiyemeza anajua nini? Kwetu anayemimina njo anakunywa kwanza. Si amemimina? Ameze, tuone kama atakufa."

Alijua anachofanya. Alijua nitakataa, na nikikataa neno langu limekwisha, na makatoni yataingia harusini. Nilimwona patron akinitazama, na baa nzima ikinitazama. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Nikakichukua kikombe cha Baba, nikakipindua juu ya kaunta, mdomo chini. Nikamimina glasi mbili za ile yake, safi, bila maji wala limau.

"Papa Valeri," nilimwambia, "anayeleta njo anakunywa kwanza. Weye njo umeleta. Kunywa hii, yote, tukiona. Ukimaliza, miye nitameza hii ya pili. Niliapa kwa kaburi ya baba yangu, na kiapo nitakivunja hapa, leo. Kikombe changu hiki, kimefunikwa. Sina pa kutemea."

Papa Valeri aliitazama glasi. Aliishika hata, akaiinua kidogo. Kisha akaiweka. "Niko kwa dawa ya malaria," akasema. "Sina ruhusa ya pombe."

"Jana ulikunywa bia tatu kwangu," patron akamjibu polepole.

Mtu yule aliondoka bila makatoni yake. Patron aliyabeba mwenyewe hadi shimo la nyuma ya jiko, akamwaga chupa moja moja, akanikataza kumsaidia. Jumamosi harusi ilikunywa bia, na ya Mama Astrida bila burboni, asali na tangawizi tu, na rafiki wa Manono walinuna kidogo kisha wakacheza. Jumatatu asubuhi wote waliamka wakaona jua. Mkiniuliza nina cheti gani katika kazi hii, ninacho hicho.

Mtauliza pia kama kweli ningemeza. Ningemeza. Jioni ile Mama aliuliza swali lake, nikajibu nimetema, na kwa mara ya kwanza sikumwambia yote.

Mwezi uliopita mliniaga. Hotuba zilikuwa ndefu, keki ilikuwa na vanila nyingi, nawasamehe. Kikombe nimekiacha kwenye rafu ya chini ya kaunta. Si pambo. Mkitumie, mkioshe kwa majivu. Nanyi mlinipa chupa ya burboni, ya kweli, niliinusa kabla ya kushukuru, mtanisamehe nanyi.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama ni mzee sana sasa, haendi mbali. Alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Umemeza?"

"Nimetema, Mama. Nimemaliza kazi."

"Na ile njo nini?"

"Zawadi. Inaitwa burboni. Ni ya mahindi."

Mikono yake ikasimama. Aliniambia nifungue. Nikamletea kwa glasi ndogo, akanusa muda mrefu, midomo wazi kidogo, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Kisha akaanza kusema bila kunitazama.

"Kichwa, ile siku, nilikiacha miye. Walioagiza walikuwa wengi, nilitaka iongezeke. Na anayepika njo anakunywa kwanza, Asita. Ilikuwa zamu yangu. Zote zilikuwa zamu yangu. Nilimwachia baba yako."

Miaka yote nilidhani lile swali la jioni ni la kunichunga, kumbe alikuwa akijiuliza mwenyewe. Nilitaka kumshika, lakini alikuwa ameshainua glasi, na kabla sijasimama akanywa, akameza, akafumba macho. Tukakaa. Kuku walikuja wakala mahindi yaliyomwagika, hatukuwafukuza. Baadaye akafumbua macho, akaangalia ukuta, akaangalia mti wa mpapai, akanitazama mimi usoni, kwa muda.

"Ninakuona," alisema. "Muzuri kabisa. Sasa weye."

Nikamimina kiasi cha kufunika kitako cha glasi. Nikanusa, nikasubiri, nikarudi. Mahindi, mbao iliyoungua, chungwa kwa mbali. Nikaitia mdomoni, nikaitembeza, nikaitafuna, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta kikombe. Kikombe kiko kwenu, rafu ya chini.

Nikameza.